Mahadhi ni Sehemu ya Herufi

Utendi wa Tambuka ulipoandikwa Pate mwaka 1728, kalamu ya mwambao ilitumia herufi za Kiarabu. Kiswahili kina irabu tano, ilhali alama za irabu katika hati hizo zilikuwa tatu: kasra moja ilibeba i na e, dhuma moja ikabeba u na o. Herufi ya be nayo mara nyingi ilisimama pahala pa b, p na mb. Hivyo bibi na pembe yaliweza kukaa karatasini kwa sura moja. Hata hivyo tenzi zilisomwa, zikanakiliwa, zikaeleweka. Kilichokosekana katika wino kilijazwa na sikio lililoijua mizani.

Sikio hilo limelelewa na mkazo. Karibu kila neno la Kiswahili hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, na msikilizaji ausikiapo mkazo hujua kwamba neno lakaribia kukatika. Wanakili wa zamani walilihisi jambo hili. Silabi iliyokazwa waliizoea kuiandikia alifu, wau au ye, kana kwamba ni irabu ndefu ya Kiarabu. Mkazo waliousikia waliuandika kuwa urefu. Na mkazo ukihama, maana nayo huhama: ba-ra-BA-ra ni njia, ba-RA-ba-ra ni sawasawa.

Mdundo huweza hata kuipa konsonanti cheo cha silabi. Katika nchi na mbwa, sauti ya puani hubeba mkazo peke yake, na mshairi huihesabu mizani kamili. Mbuni aliye ndege ana mizani mbili, mbu-ni. Mbuni ulio mti wa kahawa una tatu, m-bu-ni. Herufi za Kilatini haziwatenganishi hawa wawili. Anayewatenganisha ni msomaji mwenye kuusikia mshororo.

Si Waswahili peke yao wanaosikia kwa kipimo cha lugha yao. Mwaka 1999 Emmanuel Dupoux na wenzake walichapisha utafiti ambamo Wajapani na Wafaransa walisikilizishwa maneno yasiyo na maana. Liliposemwa ebzo, Wajapani walisikia ebuzo: lugha yao haizoei konsonanti mbili za namna hiyo kufuatana, na sikio likaongeza irabu ambayo haikutamkwa. Wafaransa hawakuisikia. Lakini Wafaransa nao, katika utafiti wa mwaka 1997, walitatizika kutofautisha maneno yaliyopishana kwa mkazo tu, jambo lililokuwa jepesi kwa Wahispania. Mwambaoni hili halishangazi. Waqt ya Kiarabu imekuwa wakati, na qabr imekuwa kaburi. Washairi nao wakahifadhi wakti kando ya wakati, wapate mizani mbili au tatu kwa kadiri ya haja.

Juu ya mkazo kuna kiimbo. “Amekuja” ni habari; sauti ikipandishwa, maneno yaleyale huwa swali. Katika utenzi mahadhi hufanya kazi kubwa zaidi. Kina hukaa kwenye silabi ya mwisho, ambayo katika mazungumzo ndiyo dhaifu, karibu imezwe. Mwimbaji huivuta, na silabi iliyokuwa imejificha husimama wazi mwishoni mwa kipande. Anayeusoma utenzi kimyakimya huviona vina kwa macho, lakini uzito wake haumfikii.

Hapa ndipo penye hasara. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa yapata 1840, yaliishi vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoyakusanya. William Hichens aliyachapisha mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kifo cha mtunzi. Chapa iliyaokoa maneno, na herufi za Kilatini ziliondoa utata wa irabu. Sauti haikai kitabuni. Mwanafunzi aliyefundishwa kuhesabu mizani kwa vidole, bila kuisikia ikiimbwa, amepewa hesabu pasipo kipimo chenyewe.

Hati kongwe zina maktaba na watunzaji wake. Wazee wanaojua mahadhi ya tenzi hawana kabati la kuwahifadhi. Akiondoka mmoja wao bila kurekodiwa, hatuachi na pambo pungufu tu: anaondoka na herufi ambazo mnakili hakuziandika, kwa kuwa aliamini zitasikika daima.