Kazi ikiisha: haki na njia kwa mtumishi wa Beni na Butembo



Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi imefungwa na ndugu zetu wengi wamerudi nyumbani na barua ya kumaliza kazi. Si mara ya kwanza. Ebola ilipotangazwa kuisha hapa kwetu, tarehe 25 Juni 2020, vijana wengi waliotumika katika Riposte walibaki pia bila mshahara. Swali lile lile linarudi mlangoni mwa wachungaji: je, serikali inamlipa mtu aliyepoteza kazi?

Hapa kwetu

Jibu ni hapana. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii inaipa CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS, matawi matatu: pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na malipo ya familia. Tawi la ukosefu wa kazi halimo. Zile 5% zinazokatwa kwenye mshahara wako ni za pensheni. Kazi ikiisha, hazirudishwi kama posho, lakini hazipotei. Chunga namba yako ya CNSS.

ONEM, ofisi ya taifa ya kazi, nayo hailipi posho. Kazi yake ni kuandikisha wanaotafuta kazi na kuwakutanisha na waajiri. Kujiandikisha huko ni vema, lakini usimwamini mtu anayekuomba pesa akisema atakuingiza kwenye orodha ya "posho ya wasio na kazi". Orodha hiyo haipo.

Kwingine

Tanzania, tangu mageuzi ya mwaka 2018, ina fao la kukosa ajira: 33.3% ya mshahara kwa miezi 6. Anayelipata ni yule aliyechangia miezi isiyopungua 18, hakuacha kazi kwa hiari yake, na hajapata kazi nyingine. Ufaransa, mtu anajiandikisha France Travail, anathibitisha hali yake kila mwezi na kuonyesha kwamba anatafuta kazi kweli. Marekani, kila jimbo lina kanuni zake. Kwa kawaida mtu anatangaza kila juma kwamba anaweza kufanya kazi, yuko tayari, na anaitafuta, mara nyingi akiandika majina ya waajiri aliowaendea. Akidanganya, anaweza kudaiwa kurudisha pesa.

Kwa hiyo ndugu yako aliye ng'ambo akikuambia kwamba analipwa bila kuwa na kazi, ujue pesa hiyo ina masharti na ina mwisho. Usimhesabie kama tajiri.

Unachoweza kudai

Kanuni ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inakupa haki hizi:

1. Preavi. Kama mkataba wako hauna mwisho uliowekwa, mwajiri anakupa siku za kazi zisizopungua 14, na kuongeza 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Aliyetumika miaka 4 anapata siku 42.

2. Mkataba wenye muda. Ukiisha siku yake, umeisha. Lakini ukivunjwa mapema bila kosa zito, unaweza kudai mishahara ya miezi iliyobaki.

3. Cheti cha utumishi. Mwajiri anakupa ndani ya siku 2 za kazi, kikionyesha aina ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba yako ya usalama wa jamii. Hana ruhusa ya kuongeza maneno mengine.

4. Mashtaka. Kabla ya tribinali, mpelekee malalamiko inspekta wa kazi, anayejaribu kwanza kuwapatanisha. Beba mkataba, karatasi za mshahara na barua ya kufukuzwa. Usitie sahihi "nimelipwa yote" kabla ya kuhesabu.

Na kanisa?

Wengine wanachukua 2 Wathesalonike 3 na kumpiga nayo mtu asiye na kazi. Paulo anamkemea anayekataa kufanya kazi. Hamkemei anayeitafuta bila kuiona. Katika Matayo 20, watu wa saa ya kumi na moja walikuwa wangali sokoni kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Bwana wa shamba hakuwaita wavivu. Aliwapa kazi, na jioni akawapa mshahara unaotosha kula.

Posho ya ng'ambo inatoka katika michango ya wakati wa kazi. Hekima hiyo tunayo tayari katika likelemba na AVEC zetu: kuweka akiba siku za mshahara kwa ajili ya siku zisizo nao. Kila parokia inaweza kuandika majina ya wasio na kazi na ufundi wao, kusoma matangazo ya kazi baada ya ibada, na kumsaidia mtu kuandika barua yake. Na wazee wamtembelee aliyefukuzwa katika juma la kwanza, kabla aibu haijamzuia kuja kanisani. Watu wengi tumewapoteza hapo: walikosa mshahara, kisha wakakosa sadaka ya kushika mkononi, kisha wakaacha kuja.

Bwana awape mikono yenu kazi, na awape majirani wenye macho.