Njwiywila: Neno Lililoishinda Kamba

Kiswahili hutenga habari zisizo na uhakika kwa makini. Uvumi hauna mwenyewe. Huvuma kama upepo. Uzushi una mwenyewe, kwani yupo aliyeuzua. Historia ya kusini mwa Tanzania yaonyesha kwa nini tofauti hiyo yawahusu wasimamizi wa mitandao ya kijamii.

Mwaka 1905, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aligawa dawa iliyosemwa kwamba ingegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Habari ilipita sikio kwa sikio, kwa mnong'ono ulioitwa njwiywila katika Kimatumbi. Serikali ilimnyonga Kinjikitile tarehe 4 Agosti. Neno halikunyongeka. Majuma machache baadaye vita vilifika Masasi, na misheni ya Kianglikana ikateketezwa. Ile iliyoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, mwanasarufi wa Kiswahili, pamoja na watu waliokombolewa utumwani.

Neno lilienea kwa sababu lilibebwa na ukweli: pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko. Malalamiko yalikuwa ya haki; kinga ya risasi ndiyo haikuwapo. Serikali haikuyatenga mawili hayo. Ilijibu kwa bunduki na kwa kuteketeza vyakula. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja hadi 300,000.

Leo njwiywila hupita simuni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu mwenye kueneza uongo, na Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Hayo ni kumkamata msemaji na kuziba njia. Kinyume chake, Januari 2025 kampuni ya Meta ilitangaza kuachana na wakaguzi wa habari nchini Marekani. Huko ni kuliacha neno livume.

Ipo njia ya katikati. Mtandao uliache lalamiko lisemwe, uupunguzie kasi uongo uwezao kuua, na uweke sahihisho papo hapo, kwa Kiswahili, Kimakonde au Kimakua, kama watu wa Newala na Masasi wasemavyo. Kazi hiyo yataka wajuzi wa mafumbo ya wenyeji, maana kejeli ya mshairi na uchochezi wa mzushi huweza kuvaa neno lile lile. Asiyeijua lugha atamfunga mshairi na kumwacha mzushi aende zake.