Neno na Zamu Yake: Kutoka Vugiri Hadi Barabara ya Mikumi

Anayetoka Dar es Salaam kwa barabara kuu iendayo Zambia huikata mbuga ya Mikumi kwa gari, na akifika mji wa Mikumi huikuta upande wa kushoto njia iteremkayo kuelekea Kidatu na Ifakara. Njia hiyo ndiyo ya Ruhembe, kata ya wilaya ya Kilosa, nchi ya miwa. Kiwanda cha pili cha sukari cha Kilombero, ambacho wenyewe hukiandika Ruembe, kiko upande huo wa kaskazini wa Ruaha Mkuu. Msimu wa mavuno ukiwadia, malori yaliyosheheni miwa hupita mchana na usiku, na kule juu, penye barabara kuu, hupita malori mengine ya safari ndefu, ambayo madereva wake hulala hapa leo na kesho mamia ya maili mbali.

Msikilizaji wa nchi kama hiyo hakuhitaji kuelezwa dereva wa lori ni mtu gani. Kwa hiyo Redio Tanzania Dar es Salaam ilipoanza, Julai 1993, kurusha mchezo wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati, na kumweka katikati yake dereva wa lori aitwaye Mkwaju, ilikuwa imemchagua mtu ambaye tayari alikuwa na sura machoni pa watu. Mkwaju ana mke nyumbani, Tunu, na ana wanawake wengine njiani. Hulewa, hutapanya fedha, na maonyo hayamwingii. Mwisho wake ni Ukimwi na kaburi. Tunu naye, aliyeanza akiwa mke wa kuvumilia yote, huchoka, humwacha, na kuanzisha biashara yake ndogo.

Mtu huyo hakutungwa na mkono mmoja, na hapa ndipo historia yake inapowahusu wapenzi wa mashairi. Mshairi wa mwambao amezoea kuwa neno ni lake tangu mwanzo: hutunga, kisha wengine wakaghani, wakaimba au wakanakili. Siti binti Saad na kundi lake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwenye santuri, nyimbo walikwenda nazo kutoka Unguja. Fundi wa mitambo alikuwa wa mwisho katika safu. Studio iliyopangwa kwa hatua na vikundi, ambamo kila mtu ana zamu yake na kazi humpita kutoka mkono hata mkono, ni jambo jingine. Ndani yake neno nalo hupewa zamu. Suala ni zamu ipi.

Studio ya namna hiyo ilijengwa Tanganyika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Machi 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulianzishwa mradi wa sinema uliojulikana kwa jina lake la Kiingereza, Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka kwa Carnegie Corporation ya New York, na nyuma yake lilisimama Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Aliyesimamia utengenezaji alikuwa Meja L. A. Notcutt, mtu aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki na akaona humo kwamba sinema ingeweza kuwatuliza vibarua. Upande wa elimu ulishikwa na G. C. Latham, aliyekuwa ofisa wa elimu Rhodesia ya Kaskazini. Hadi walipofunga kazi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi zipatazo 35: za safura, za ngozi, za kahawa, za kodi, za benki ya posta.

Kazi ya Vugiri ilikuwa na mpangilio wake. Mada ilitoka juu, aghalabu ikilingana na matakwa ya idara fulani ya serikali. Kisa kikabuniwa. Wenyeji wakaigiza mbele ya kamera ya milimita 16, na picha zikachukuliwa kimya, pasipo sauti hata moja. Mkanda ukasafishwa gizani papo hapo mlimani, ukakatwa na kuungwa. Baada ya yote hayo ndipo akaitwa mwenye lugha, aseme maelezo yatakayoingizwa kwenye santuri: ya Kiswahili, ya Kiganda, ya Kiluo, ya Kikuyu na nyinginezo. Lori likabeba mtambo, skrini na santuri kuzunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, hata Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini, likiwaonyesha watu usiku uwanjani.

Lugha, basi, ilikuwa ya mwisho. Mtu aliyeigiza alifumbua kinywa na kukifumba, na maneno akapachikwa na mwingine, katika lugha ambayo yumkini haikuwa aliyoisema mbele ya kamera. Santuri ikipishana na mkanda hata kwa pumzi chache, maelezo ya kodi huangukia picha ya ng'ombe. Palipokuwa na hitilafu au lugha ngeni, dawa ilikuwa kumsimamisha mtu mbele ya kipaza sauti aeleze kwa kinywa chake. Saa hiyo mkalimani, wa mwisho katika safu nzima, ndiye aliyekuwa bwana wa kisa: hakuna msimamizi aliyeweza kujua yote anayosema.

Katika mkoa huu wa Morogoro walipita pia. Filamu yao ya mwaka 1936 juu ya makazi ya wakulima ya Kingolwira, karibu na mji wa Morogoro, ni miongoni mwa chache zilizosalia. Wakulima wanaonekana wakifanya kazi na kuishi kwa utaratibu uliopangwa. Wao wenyewe hawasikiki. Katika kitabu walichokihariri mwaka 1937, Notcutt na Latham walikiri kwamba vijana wa Kiafrika waweza kufundishwa sehemu kubwa ya kazi za kawaida za chumba cha giza na za studio ya sauti. Kazi za kawaida, walisema. Kubuni kisa hakukutajwa humo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za visa kwa Kiswahili, Muhogo Mchungu ikiwa mojawapo, na mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Kawawa, ambaye Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Hapo angalau mwigizaji alisema na akasikika. Lakini sinema ilikuwa ghali, na nchi nzima haikufikiwa kwa lori. Redio ndiyo iliyofika, na redio haina picha ya kujifichia: lisilosemwa au kulia ndani yake halipo. RTD ikalea waigizaji wa sauti kwa miaka mingi, na wapo mpaka leo wanaocheka wakikumbuka Pwagu na Pwaguzi.

Twende na Wakati ilizaliwa katika nyumba hiyo, ila kwa mpango uliotoka mbali. Mwenye mbinu alikuwa Miguel Sabido wa Mexico, aliyekuwa akitunga michezo ya televisheni ya mafunzo tangu miaka ya 1970. Shirika la Population Communications International la New York liliieneza mbinu hiyo, Kenya ikaijaribu mwaka 1987 kwa mchezo wa redio Ushikwapo Shikamana, na Tanzania ikaipokea kwa msaada wa mfuko wa Umoja wa Mataifa wa idadi ya watu. Kwanza walitangulia watafiti, wakaenda kuwauliza watu wanavyoishi, wanavyooana, wanachokijua juu ya uzazi na Ukimwi. Majibu yakageuzwa jedwali la maadili: orodha ya kauli ambazo mchezo utaziunga mkono au kuzipinga, kila moja ikipatana na sera na sheria za nchi. Watunzi wakafundishwa. Wahusika wakagawanywa mafungu matatu: wema wa kuigwa, waovu wa kuadhibiwa, na wale wa katikati wanaobadilika polepole, ambao msikilizaji hujiona ndani yao. Mkwaju alitiwa fungu la pili, Tunu la tatu. Ndipo zikaandikwa sehemu za mwanzo, zikajaribiwa mbele ya wasikilizaji, zikarekebishwa, zikaingia studio kwa waigizaji, fundi mitambo na mtu wa milio: mlango, injini, jogoo. Barua za wasikilizaji zilirudi kwa watunzi, na watafiti wakarudi tena vijijini kupima.

Kwa jicho la mshairi, mpango huo una karaha yake. Mtu kupewa hatima kabla ya kupewa jina, kisha mtunzi akaambiwa amtafutie maneno! Hata hivyo ni wazi kwamba hapa neno lilikuwa limepanda ngazi. Jedwali laweza kusema kwamba ulevi ni mbaya. Haliwezi kusema Mkwaju atamjibu nini Tunu anapomwuliza ziko wapi fedha za matumizi. Jibu hilo lilikuwa la Watanzania wenyewe, wa karatasi na wa kipaza sauti, na lilitoka kwa Kiswahili bila kupitia kwa mkalimani. Mwovu naye ana tabia ya kupata maneno matamu kuliko mwema, jambo ambalo watunzi wa tenzi walilijua zamani, na wenye majedwali hulihofu: mtu akichekesha mno hupendwa, na akipendwa huigwa. Ndiyo sababu Mkwaju alipaswa kufa, tena masikioni mwa nchi nzima.

Nchi nzima isipokuwa sehemu moja. Wapimaji walitaka mahali pa kulinganisha, ambapo mchezo haukusikika, ili wajue mabadiliko ya wasikilizaji yametokana na mchezo na si na jambo jingine. Mahali hapo pakawa Dodoma. Kwa miaka miwili mitambo ya RTD ya Dodoma ilirusha vipindi vingine saa ile ile ambayo kwingineko watu walikuwa wakimsikiliza Mkwaju. Wilaya ya Kilosa inapakana na Mpwapwa, milima ya Rubeho ikiwa kati. Upande huu wa milima, dereva na mkewe walikuwa gumzo. Upande wa pili kimya kilikuwa kimeandikwa katika ratiba.

Wapo wanaokitetea kimya hicho, na hoja yao si nyepesi. Bila Dodoma kusingekuwa na uthibitisho, na bila uthibitisho wafadhili wasingetoa fedha kwa michezo mingine katika nchi nyingine. Matokeo ya Tanzania yamesomwa na kutajwa sana tangu hapo. Lakini miaka ile ugonjwa haukusubiri ulinganisho. Kama wenye mchezo waliamini kuwa neno lao huokoa, basi walijua wanamnyima nani. Kama hawakuwa na hakika, ndiyo maana walipima. Hatua ya mwisho ya studio, ile ya wapimaji, ndiyo iliyokuwa na mamlaka ya kuamua ni masikio gani yapate na yapi yakose, wala hapana mtunzi aliyeweza kulitibu hilo kwa kuandika vizuri zaidi.

Studio ile haiitwi tena RTD. Urithi wake uko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Septemba 1995 mitambo ya Dodoma ilifunguliwa, na Mkwaju, ambaye Kilosa alikuwa amekwisha kuzoeleka kwa miaka miwili, akaanza kusikika Mpwapwa na Kondoa.