Nusu-kifuniko cha gari la wazi: kinasaidia nini, na hatari iko fasi gani?

Magari madogo ya mwendo wa kasi yasiyo na paa, kama vile MGB iliyotengenezwa Abingdon, Uingereza, toka 1962 mpaka 1980, yana bashi ya kukunja ya kuzuia mvua. Lakini kuisimamisha na kuifunga kunaomba muda. Ndiyo maana kuna kifuniko kingine, cha kulala juu ya viti. Kwa Kifaransa kinaitwa couvre-tonneau.

Jina lilitoka wapi?

Tonneau maana yake pipa. Mwanzoni mwa karne ya 20, fasi ya abiria wa nyuma katika magari fulani ilikuwa ya mviringo kama pipa. Umbo lile lilipotea, jina likabaki.

Kinatumika namna gani?

Ni kitambaa kizito kinachoshikwa na vifungo vya chuma, toka chini ya kioo cha mbele mpaka nyuma ya viti. Katikati kuna zipu. Gari likisimama, kinafunika vyote. Dereva akienda peke yake, anafungua zipu na kukunja upande wake tu. Hivi upepo hauzunguki sana ndani, joto la hita linabaki miguuni, kiti cha pili hakilowi haraka, na vitu havionekani toka inje.

Hata katika mashindano wazo lile lilitumika. Jaguar D-Type iliyoshinda Le Mans, Ufaransa, mwaka 1955, ilikuwa na bamba gumu juu ya kiti cha pili, ili hewa ipite bila kukwama.

Dereva aangalie nini?

Kwanza, mkanda. Kifuniko kisiubane wala kisimzuie dereva kuufungua haraka. Ajali ikitokea, kitambaa hakimshiki mtu. Mkanda ndio unamshika.

Pili, vifungo. Kimoja kikiachia kwenye mwendo, upepo unaingia chini, kitambaa kinapigapiga, kinaweza kupasuka ao kumpiga dereva usoni. Asijaribu kukishika kwa mkono mmoja huku anaendesha: asimame pembeni, akifunge. Sehemu iliyokunjwa ibanwe nyuma ya kiti, mbali na usukani.

Tatu, mtu. Kiti kilichofunikwa si cha kukaliwa. Abiria akiingia, hata kwa safari fupi, upande wake ufunguliwe wote.

Nne, maji. Mvua ikinyesha gari limesimama, maji yanajikusanya katikati na kuvuta vifungo. Yamwagwe kwanza, kabla ya kufungua zipu, la sivyo yanaanguka kwenye viti. Kitambaa kisikunjwe na kuwekwa kikiwa bado na maji, kitaota ukungu.

Tano, wezi. Kifuniko kinaficha, hakifungi: kisu kimoja kinatosha kukipasua. Mfuko wa pesa na karatasi za gari, mwenyewe ashuke navyo.