Istilahi za tiba: Neno 'mshipa' lina maana nyingi

MWANAFUNZI wa uuguzi anayepelekwa Tulia, kaunti ya Kitui, amesoma tiba kwa Kiingereza, ilhali wagonjwa wengi huko huzungumza Kikamba. Mara nyingi Kiswahili ndicho daraja, nalo huhitaji istilahi sahihi.

Mfano ni neno 'mshipa'. Mshipa wa damu husafirisha damu. Mshipa wa fahamu, yaani neva, hupitisha taarifa kati ya ubongo, uti wa mgongo na viungo. Kano huunganisha msuli na mfupa, nayo pia huitwa mshipa. Hata ngiri huitwa hivyo. Mgonjwa akilalamikia mshipa, yafaa aulizwe ni upi.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Kwa kuwa ubongo wa kushoto huongoza upande wa kulia wa mwili, dhara la upande mmoja hupoozesha upande wa pili.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au usemi ukivurugika ghafla, hiyo ni dharura. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, baada ya ubongo kupigwa picha. Neno likikosewa, saa hizo hupotea.