Kifungo cha Miaka Hamsini

Historia ya vita aghalabu huandikwa kwa tarehe za mapigano na za mapatano. Mateka akishafunguliwa, jina lake hufutwa katika daftari la wafungwa, na mwandishi humwacha hapo. Walakini kufunguliwa minyororo ni jambo moja, na kuwa huru ni jambo jingine. Maisha ya Eric Lomax, Mskoti aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1919, yanalidhihirisha jambo hilo.

Lomax alikuwa afisa wa mawasiliano katika jeshi la Uingereza. Singapore iliposalimu amri mbele ya Wajapani, tarehe 15 Februari 1942, alitekwa pamoja na maelfu ya wenzake. Wengi wao walipelekwa Thailand kujenga reli ya kwenda Burma, yenye urefu wa kilometa 415 hivi. Mateka zaidi ya 60,000 walitumikishwa humo, na wapatao 12,000 wakafa. Vibarua wa Kiasia waliokufa walikuwa wengi zaidi.

Mwaka 1943 iligunduliwa redio iliyoundwa kwa siri na mateka wa Kanchanaburi ili wasikie habari za vita. Maafisa waliohusika walipigwa, hata wawili wakafa. Lomax alivunjwa mikono. Tena alikuwa amechora ramani ya reli, basi akatiwa mikononi mwa Kempeitai, polisi wa jeshi la Japani, wakamhoji siku nyingi na kumtesa kwa maji. Sauti iliyomkaa masikioni haikuwa ya mpigaji, bali ya mkalimani, Nagase Takashi, aliyemfasiria maswali kwa Kiingereza. Chuki yake ikamwelekea huyo.

Aliporudi kwao mwaka 1945 alikuta mama yake amekwisha kufa na baba yake ameoa mke mwingine. Yeye naye alioa upesi, lakini mambo ya kifungoni hakuyasimulia, wala watu hawakutaka kuyasikia. Siku zile iliaminiwa kwamba maumivu yasiyotajwa hufa yenyewe. Akatumika serikalini katika Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, hata mwaka 1955, na baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, mpaka alipostaafu mwaka 1982. Kwa macho ya watu alikuwa mtu mwenye kazi na heshima. Usiku ulikuwa na habari nyingine: ndoto za kutisha, na hofu iliyomrudisha gerezani. Ndoa yake ya kwanza ikavunjika.

Mke wa pili, Patti, aliyemwoa mwaka 1983, hakuridhika na kimya hicho. Hatimaye Lomax alifika katika taasisi ya London iliyoanzishwa na Helen Bamber mwaka 1985 kwa ajili ya watu walioteswa. Huko alisikilizwa bila ya kuharakishwa.

Mwaka 1989 alipata kipande cha gazeti chenye habari za Nagase. Ilisemwa kwamba mkalimani huyo alifuatana na Waingereza baada ya vita kutafuta makaburi kando ya reli, na kwamba majuto hayakumwacha. Lomax hakuiamini toba hiyo. Patti ndiye aliyemwandikia Nagase mwaka 1991, na jibu lilikuja lenye unyenyekevu mwingi, hata chuki ikaanza kulegea. Mwaka 1993 wazee hao wawili walikutana Kanchanaburi, karibu na daraja la reli. Nagase alitetemeka, akalia, akaomba radhi. Baadaye, nchini Japani, Lomax alimpa barua ya msamaha. Nagase alikufa mwaka 2011, na Lomax mwaka 2012.

Msamaha huo haukuufuta uovu uliotendwa, wala hauwi deni juu ya mateka wengine. Wako waliokufa bila ya kusamehe, nao hawana lawama. Lililo wazi ni kwamba, kabla ya kusamehe, Lomax alihitaji kusikilizwa, na haki hiyo ilichelewa miaka zaidi ya arubaini. Mwandishi akomeaye mwaka 1945 huandika nusu ya habari. Na wale vibarua wa Kiasia waliosalimika wakarudi vijijini mwao, wengi wao hawakuulizwa neno.