Skwota: Mkataba Ulioitwa Uvamizi

Mwalimu wa historia akieleza ukabaila, mwanafunzi wa Eldoret hupelekwa Ulaya ya kale, kwa mamwinyi na watwana wao. Safari ya bure. Ukabaila ulipiga kambi hapa hapa Uasin Gishu, na mtwana wake aliitwa skwota.

Mwaka 1908 msafara wa Makaburu wa Jansen van Rensburg ulitoka Nakuru na magari ya kukokotwa na ng'ombe hadi nyanda hizi. Mji ukachipuka kwenye shamba namba 64, ukapewa jina la Eldoret mwaka 1912. Sheria ya ardhi ya 1915 ikaruhusu walowezi wakodi mashamba kwa miaka 999. Ardhi ilikuwa tele. Wa kuilima ndio hawakuwapo.

Jirani walikuwapo Wanandi, waliopunguziwa ardhi baada ya kiongozi wao Koitalel arap Samoei kuuawa mwaka 1905. Walikuwa na ng'ombe, malisho hayatoshi. Basi mlowezi akatoa kishamba na majani, kodi ikalipwa kwa jasho. Sheria ya 1918 ilitaja kiasi chake: siku 180 kwa mwaka, mnyapara akisimamia. Kutoroka kazini kulikuwa kosa la jinai, na kipande, cheti chenye alama za vidole na jina la mwajiri kilichovaliwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, kilimuumbua mtoro popote alipokwenda.

Sasa litazame neno lenyewe, skwota. Kwa Kiingereza ni mtu aliyekalia ardhi bila idhini. Walowezi walilizoea Afrika Kusini, wakaja nalo. Lakini huyu wa Uasin Gishu alikuwa na mkataba! Hata sheria ilimwita mfanyakazi mkaazi. Mimi naona jina hilo liliwafaa sana mabwana: mvamizi hadai fidia. Ng'ombe wa maskwota walipozidi machoni pa walowezi, katika miaka ya 1920 huko Naivasha na Nakuru walipunguzwa kwa nguvu, zoezi ambalo maskwota wenyewe waliliita kifagio. Sheria ya 1937 ikazipa halmashauri za walowezi mamlaka ya kupunguza mifugo na kuongeza siku za kazi.

Kisha uhuru ukaja, na mashamba yakauzwa. Mpango wa makazi wa ekari milioni moja, ulioanza 1962, uliendeshwa kwa mikopo, nayo ilipaswa kurudishwa. Mtoto wa skwota aliyezaliwa kwenye shamba la mlowezi alitakiwa atoe arubuni kama mgeni yeyote, au ajiunge na kampuni ya kununua ardhi. Aliyekosa fedha alibaki palepale bila hati, na safari hii neno likawa kweli.